Mali bila daftari

Mwanzoni mwa Oktoba 2013 dhoruba ya theluji iliwaangukia wafugaji wa magharibi ya South Dakota, Marekani. Mvua ya baridi ilitangulia, ikawalowesha ng'ombe waliokuwa bado hawajaota manyoya mazito. Wakafa maelfu kwa maelfu.

Siku zile ofisi nyingi za serikali zilikuwa zimefungwa kwa mvutano wa bajeti, na mpango wa kuwafidia wafugaji ulikuwa umekwisha muda wake mwaka 2011. Ulirejeshwa kwa sheria Februari 2014, ukihesabu na hasara za nyuma, kwa asilimia 75 ya bei ya soko. Maombi yakaanza kupokelewa Aprili.

Lakini fidia hiyo hailipwi kwa machozi. Mfugaji hutakiwa kuthibitisha idadi ya mifugo iliyokufa. Aliyejikaza katikati ya msiba akahesabu mizoga, akaipiga picha na kuandika, miezi sita baadaye alikuwa na la kuonyesha. Aliyefukia tu, alifukia na haki yake.

Nasi wa mjini tusio na zizi, moto na mafuriko vyatujua. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Je, daftari la nyumba yako li wapi?