Maangamizi Yalianzia Katika Sajili ya Darasa

Majuma machache yaliyopita nilialikwa katika shule moja ya upili nizungumze na wanafunzi wa kidato cha tatu juu ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Nilipofika kwenye mauaji ya halaiki ya Wayahudi, niliitaja ile idadi ambayo kila kitabu cha historia huitaja: watu milioni 6. Nilitarajia darasa lishtuke. Halikushtuka. Wanafunzi waliinukuu tarakimu hiyo katika madaftari yao kama waandikavyo urefu wa mto au kimo cha mlima. Kisha msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono, akaniuliza, "Mwalimu, hao waliowaua walikuwa wamesoma?"

Nilimjibu kwamba naam, wengi wao walikuwa wamesoma, tena sana. Kengele ikalia na kila mtu akashika njia yake. Hata hivyo, swali lile lilinifuata hadi nyumbani, nami nimeona ni heri nilijibu hapa kwa kirefu, kwa sababu jibu lake linatuhusu sisi walimu kuliko tunavyopenda kukiri.

Aghalabu tunapolifundisha jambo hili tunaanza na Hitler na kumaliza na kambi ya Auschwitz. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hutoka darasani akiamini kuwa maangamizi hayo yalikuwa kazi ya mwendawazimu mmoja wa Ujerumani na askari wake. Leo ningependa msomaji aandamane nami hadi Italia, nchi ambamo ufashisti ulizaliwa na kupewa jina. Huko tunaona waziwazi kwamba uovu huu haukuanza kwa bunduki. Ulianza kwa kalamu na karatasi, na mlango wa kwanza uliobisha ulikuwa mlango wa darasa.

Benito Mussolini alitwaa madaraka mwezi wa Oktoba mwaka wa 1922. Wayahudi wa nchi hiyo walikuwa wachache mno. Mwaka wa 1938 raia Wayahudi walikuwa kama 47,000, pamoja na wageni wapatao 10,000, katika taifa la watu zaidi ya milioni 40. Jamii yao ilikuwa imeishi mjini Roma kwa zaidi ya miaka 2,000, yaani tangu kabla ya Ukristo kufika huko. Walizungumza Kiitaliano, walivaa kama Waitaliano, walikuwa wameipigania Italia katika vita vikuu vya kwanza, na baadhi yao walikuwa hata wanachama wa chama cha mafashisti. Ungekutana na mmoja wao barabarani usingemtambua.

Mtihani wa kwanza wa walimu ulikuja mwaka wa 1931. Maprofesa wote wa vyuo vikuu walitakiwa kula kiapo cha utiifu kwa utawala wa kifashisti. Walikuwa zaidi ya 1,200. Waliokataa walikuwa kama 12 tu, nao wakapoteza kazi zao. Sithubutu kuwacheka wale wengine. Walikuwa na watoto wa kulisha na malipo ya uzeeni ya kusubiri, na bila shaka wengi wao walijiambia kuwa maneno ya mdomoni hayavunji mfupa. Lakini mtu akishazoea kuuza neno lake kwa bei ndogo, siku anapohitaji kulitumia kumtetea jirani yake hulikuta halina thamani tena.

Mtihani wa pili ulifanyika huku kwetu Afrika, na ni ajabu kwamba hatuutaji. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia, yakawamwagia watu gesi ya sumu kutoka angani. Mwezi wa Februari mwaka wa 1937 maelfu ya wakazi wa Addis Ababa waliuawa kwa muda wa siku tatu. Miezi miwili baadaye ilitungwa sheria iliyosema kwamba Mwitaliano atakayeishi na mwanamke wa makoloni kama mume na mke angefungwa hadi miaka 5. Kwa hiyo, kabla ya kutunga sheria za kuwatenga Wayahudi, utawala huo ulikuwa umekwisha kutunga sheria za kumtenga Mwafrika. Lugha ya usafi wa damu ilifanyiwa mazoezi juu ya ngozi nyeusi, ikapigiwa makofi, na ilipoiva ikarudishwa nyumbani. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini walioko mbali na wingu hudhani kwamba halitawafikia.

Lilifika. Tarehe 14 Julai mwaka wa 1938 gazeti moja la Roma lilichapisha tamko lililosemekana kuwa ni kazi ya wanasayansi. Tamko hilo lilidai kwamba binadamu wamegawanyika katika mbari tofauti kwa maumbile, na kwamba Wayahudi si wa mbari ya Kiitaliano. Tarehe 22 Agosti serikali ilifanya hesabu maalumu ya Wayahudi peke yao: majina, umri, kazi na mahali wanapoishi. Na tarehe 5 Septemba, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo, Mfalme Victor Emmanuel wa Tatu alitia sahihi amri ya kwanza kubwa. Je, amri hiyo ilihusu nini? Haikuhusu mabenki wala jeshi. Ilihusu shule. Mwalimu yeyote Myahudi angeondolewa kazini, na mtoto yeyote Myahudi asingeandikishwa katika shule za serikali. Vitabu vya kufundishia vilivyoandikwa na Wayahudi viliondolewa madarasani. Waziri wa elimu aliyesimamia kazi hiyo, Giuseppe Bottai, hakuwa mbumbumbu. Alikuwa msomi, mhariri wa majarida na mpenzi wa sanaa.

Sheria nyingine zilifuata mwezi wa Novemba: ndoa kati ya Myahudi na yule aliyeitwa Mwaria zilipigwa marufuku, na milango ya jeshi, ya utumishi wa serikali na ya biashara kubwa ikafungwa. Lakini tangu mwanzo walioshika mpini walijua kwamba ukitaka kuliondoa kundi la watu katika taifa, kwanza liondoe mahali ambapo watoto hujifunza kuwa wao ni wamoja.

Katika mji wa Milan kulikuwa na mtoto wa miaka 8 aliyeitwa Liliana Segre. Aliambiwa nyumbani kwamba hangerudi shuleni. Amesimulia baadaye kwamba aliuliza amekosa nini, na hakuna mtu mzima aliyeweza kumjibu. Mjini Turin, daktari kijana Rita Levi-Montalcini alifukuzwa chuo kikuu, akaendelea na utafiti wake katika chumba chake cha kulala. Mwaka wa 1986 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Walimu wenzao je? Hapa ndipo swali la yule msichana linapochoma. Maprofesa kama 100 walipoteza nafasi zao, nazo nafasi hizo zilijazwa mara moja. Mwandishi Massimo Bontempelli, ambaye awali alikuwa ameuunga mkono ufashisti, alipewa kiti cha Attilio Momigliano katika Chuo Kikuu cha Florence, akakikataa. Tunamkumbuka kwa jina kwa sababu waliofanya kama yeye walikuwa adimu sana. Wengine walikalia viti ambavyo bado vilikuwa na joto la mwenyewe. Shule zilipofunguliwa, sajili zilisomwa, na pale palipokuwa na jina fulani mwaka uliotangulia, mwalimu aliruka akasoma jina lililofuata. Hakumpiga mtu wala hakumtukana mtu. Alisoma tu orodha kama alivyoletewa.

Sasa na tuone orodha hizo zilikwenda wapi. Mwezi wa Julai mwaka wa 1943 Mussolini aliangushwa. Mwezi wa Septemba Italia ilisalimu amri kwa majeshi ya washirika, na Wajerumani wakaiteka sehemu ya kaskazini na ya kati, Roma ikiwemo. Tarehe 16 Oktoba askari wa Kijerumani waliuzingira mtaa wa kale wa Wayahudi mjini Roma, wakaenda nyumba kwa nyumba wakiwa na majina na anwani mikononi. Siku mbili baadaye zaidi ya watu 1,000 walipakiwa katika mabehewa ya mizigo, wakapelekwa Auschwitz. Waliorudi walikuwa 16. Tarehe 30 Novemba serikali ya mafashisti wa Kiitaliano, iliyokuwa imesimamishwa upya huko kaskazini, ilitoa amri yake yenyewe kwamba Wayahudi wote wakamatwe. Polisi hawakulazimika kutafuta sana. Nani ni Myahudi na anaishi wapi lilikuwa limeandikwa tangu mwaka wa 1938.

Liliana na baba yake walijaribu kuvukia Uswizi mwezi wa Desemba, wakarudishwa mpakani na kutiwa gerezani. Tarehe 30 Januari mwaka wa 1944 waliondoshwa katika stesheni kuu ya Milan pamoja na watu wengine zaidi ya 600. Alikuwa na umri wa miaka 13. Baba yake aliuawa. Yeye alirudi peke yake. Kwa jumla, Wayahudi zaidi ya 7,000 wa Italia waliangamia. Tangu mtoto yule alipokatazwa kuingia darasani hadi alipopandishwa garimoshi ilikuwa imepita miaka 5 na miezi michache tu.

Najua kuna atakayenipinga kwamba Waitaliano hawakuwa kama Wanazi, na kwamba Wayahudi wengi wa nchi hiyo waliokoka. Ni kweli. Kama wanne kati ya kila watano walinusurika. Walifichwa na wakulima, na mapadre, na watawa, na majirani ambao wengi wao hawakuwa wamesoma sana. Lakini kwa maoni yangu ukweli huo hautupunguzii mzigo sisi walimu, unauongeza. Ikiwa mkulima aliweza kumficha mgeni ghalani mwake mwaka wa 1943, wakati ambapo angeweza kupigwa risasi kwa kosa hilo, ni nini kilichomzuia profesa kusema neno moja mwaka wa 1938, wakati ambapo adhabu ingekuwa kupoteza cheo? Elimu haikuwapungukia. Walichopungukiwa ni mazoea ya kukataa.

Nami sina haki ya kuwanyooshea wengine kidole nikiwa nimeficha mkono wangu. Mwaka wa 1992, katika siku za mapigano ya kikabila, nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya Bonde la Ufa. Mtu mmoja alifika kutoka ofisi fulani, akaomba nimwandikie majina ya wanafunzi ambao wazazi wao "si wa hapa". Hakunitisha. Aliomba kwa upole, akanipa hata kalamu. Niliyaandika. Yalikuwa majina 31, na niliyaandika kwa mwandiko mzuri, kwa mpangilio wa alfabeti, kama nilivyofundishwa chuoni. Kwa rehema ya Mungu hakuna mtoto wa darasa langu aliyedhurika. Hadi leo sijui karatasi ile ilikwenda wapi. Ninachojua ni kwamba sikuuliza ilikuwa ya nini.

Sidai kwamba yaliyotukia kwetu ni sawa na yaliyowapata Wayahudi. Hayalingani, na kuyalinganisha ni kuwakosea marehemu heshima. Nasema tu kwamba mkono unaoandika orodha hauhisi uzito wa kinachofuata. Nilipokuwa nikiandika sikujiona mwovu. Nilijiona mwalimu mwenye bidii.

Kwa hivyo nina maombi mawatu kwa walimu wenzangu. Kwanza, tusiwape wanafunzi ile milioni 6 mikono mitupu. Tuwape mtoto mmoja kwanza, na shule aliyofukuzwa, ndipo tuwape idadi. Pili, tufundishe mwanzo kwa bidii ileile tunayofundishia mwisho: kiapo, tamko la wasomi, hesabu ya watu, sajili. Mwanafunzi anayezijua kambi peke yake atautambua uovu baada ya watu kufa. Anayezijua hatua za mwanzo aweza kuutambua ungali mchanga. Tatu, kila tunapoletewa karatasi inayowagawa watoto kwa asili yao, tuulize kwa sauti: ni ya nini? Swali hilo halihitaji ushujaa mkubwa, lakini hakuna orodha ya dhuluma inayolipenda.

Kwenu wanafunzi nina neno moja tu. Siku mwenzenu atakapokosekana darasani na jina lake likarukwa, msingoje mwalimu alitaje. Litajeni ninyi.

Baada ya kunyamaza kwa miaka mingi, Liliana Segre alianza kuzizungukia shule akiwasimulia wanafunzi yaliyompata. Mwaka wa 2018, miaka 80 baada ya kufukuzwa shuleni, aliteuliwa kuwa seneta wa maisha wa Italia. Katika stesheni ile ya Milan, mahali lilipoondokea garimoshi lake, sasa kuna ukumbusho, na ukutani, kwa ombi lake, limeandikwa neno moja kubwa lenye maana ya kutojali. Hakuchagua chuki wala ukatili. Alichagua lile tendo ambalo mtu hulitenda akiwa amekaa kitini, kalamu mkononi, mbele ya sajili.

Ndiyo, mwanangu uliyeketi karibu na dirisha. Walikuwa wamesoma. Na waliowafundisha walikuwa walimu kama mimi.