Usipashe Motere Moto Ndani ya Garaji

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu ukingojea makala ya mbabula yashike moto, leo sitaongea juu ya kofia ya kazi wala viatu vya usalama. Nataka tuongee juu ya motokari ya nyumbani, ile ndogo ya esansi inayolala garajini, ukuta mmoja na chumba cha watoto.

Siku hizi wengi wetu tunaendesha Toyota ndogo: Vitz, Ist, Probox. Ndani ya nyingi kati yao mna motere moja inayoitwa 1NZ-FE. Ina silinda 4 na valvu 16, ukubwa wake ni sentimeta za ujazo 1,497, na mahali pa mkanda ina mnyororo. Toyota ilianza kuitengeneza mwaka 1999. Mafundi wanaisifu, nami sibishani nao. Ukiifanyia vidanji kwa wakati, lita 3.7 za mafuta pamoja na filtri mpya, itakwenda miaka mingi bila kukusumbua. Lakini hapo ndipo ninapoona hatari. Kitu kisichoharibika tunaacha kukiangalia, na sisi wa dispanseri ndio tunaopokea matokeo.

Mwezi wa saba mmoja, bibi wa mfanyakazi wa posti ya asubuhi alituletea watoto wawili. Kichwa kinauma, wanatapika, miguu haina nguvu. Ilikuwa baridi kama unavyoijua hapa kwetu Katanga wakati wa kiangazi, alfajiri mikono inakufa ganzi. Mimi nikasema ni malaria, nikawapa dawa. Baada ya siku nne akarudi, safari hii na yeye mwenyewe anaumwa kichwa. Tukapima damu: hakuna malaria. Nikamwuliza kinaanza saa ngapi. Akasema: «Kila siku asubuhi, bwana akiisha kwenda kazini. Mchana kinapoa.» Jumapili anakumbuka hawaumwi hata kidogo.

Sioni haya kuandika kwamba nilikosa mara ya kwanza. Nilipofika kwao nikaona garaji imefungwa pande zote, na juu ya ukuta matundu ya hewa yanayoingia moja kwa moja chumbani kwa watoto. Baba alikuwa akiwasha motokari saa kumi na moja, anaiacha inaunguruma, yeye anaoga na kunywa chai. Robo saa nzima, mlango umefungwa kwa kuogopa wezi.

Mama, wewe unaijua hewa hii. Ni ile ile ya mbabula iliyoingizwa ndani usiku wa baridi, inayolaza watu wasiamke. Wataalamu wanaiita monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Katika damu yetu inashika mahali pa oksijeni, tena inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtoto mdogo anaumia upesi kuliko mkubwa, na mama mwenye mimba anaumia pamoja na aliye tumboni. Dalili zake za kwanza ndizo zile tunazozoea kuziita malaria, kasoro moja: homa haipo. Ukiona watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa saa moja, na nje wanapata nafuu, usimeze vidonge. Watoe wote nje kwenye hewa safi, kisha uwalete upesi wapewe oksijeni.

Najua utanijibu kwamba motere ya baridi ikiendeshwa inaharibika. Baba zetu walifundishwa hivyo wakati wa Volkswagen na Renault 4, motere za karburatere, na wakati ule ilikuwa na maana. Motere hii inapulizwa esansi kwa kipimo cha kompyuta. Iwashe, ngoja nusu dakika mafuta yapande, kisha uondoke polepole bila kuikanyaga sana mpaka ipate moto. Kuiacha imesimama ndiyo njia ndefu kabisa ya kuipasha. Na jua hili: ikiwa baridi, kompyuta inaipa esansi nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo sumu inayotoka ni nyingi. Katalizatere, lile kopo la chini ya motokari linalosafisha moshi, halifanyi kazi kabla halijapata moto mkali. Kuna wanaolikata na kuliuza. Wakifanya hivyo, moshi haupati kitu cha kuusafisha hata mchana kutwa.

Kosa jingine linatoka garajini kwa fundi. Anakwambia: nchi yetu ni ya joto, tutoe termostati. Kataa. Kijidude hicho kinafunguka karibu na nyuzi 80, na kazi yake ni kuifikisha motere kwenye joto lake. Ukikitoa, motere inakaa baridi kwa muda mrefu, kompyuta inaendelea kumwaga esansi. Unalipa pampuni, na nyumba yako inalipa kwa moshi. Esansi nyingine inateremka kwenye mafuta na kuyafanya maji maji.

Tukiwa kwenye maji ya motere, angalia kofia ya radiatere. Lubumbashi iko juu ya bahari kwa zaidi ya meta 1,200, na Kolwezi iko juu zaidi. Hapa maji yanachemka karibu na nyuzi 96, siyo 100. Kofia nzuri inayakandamiza yasichemke mapema. Kofia iliyokufa, au ile ya kutafuta tu inayoingia, inaacha maji yapotee, na kichwa cha motere hii ni cha aluminiamu: kikizidi moto kinapinda. Kisha mtu anasimama njiani, anashika kitambaa, anafungua kofia motere ikiwa moto bado. Maji yanaruka usoni na kifuani. Nimefunga majeraha ya namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Ngoja nusu saa, hata ukichelewa kazini. Aliyeungua mmwagie maji baridi ya bomba dakika 20. Usimpake dawa ya meno, wala mawese, wala sabuni. Na anayevuta esansi kwa mdomo na mpira, ikamwingia, asitapishwe: ikifika mapafuni ndiyo mbaya zaidi. Aletwe kwetu mara moja.

Yule baba alinikasirikia kwanza. Aliona kama namwambia alikuwa akiwaua wanawe. Nikamweleza kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimewapa dawa ya malaria, basi tulikuwa wawili. Sasa yeye na kijana wake mkubwa wanaisukuma motokari mpaka uani, anaiwasha ikiwa imeelekea barabarani, anaondoka. Matundu ya ukutani ameyaziba kwa simenti, na ya chumbani amefungua mengine upande wa bustani. Jirani mmoja alicheka kuwaona wanasukuma motokari nzima isiyo na kasoro. Juma lililofuata nilimwona jirani huyo naye anasukuma ya kwake.