Karatasi Kuukuu Isitupwe

Katika nyumba nyingi daftari za watoto huishia motoni mwisho wa mwaka. Yafaa, kabla ya kuzichoma, watoto waonyeshwe karatasi ni kitu gani.

Toeni pini, chaneni karatasi vipande vidogo, mziloweke usiku kucha. Asubuhi watoto wazitwange kwa maji, katika kinu kisichotumika kwa chakula, mpaka ziwe kama uji. Mimineni uji huo katika karai la maji, mkoroge. Kisha tumbukizeni kiunzi cha mbao kilichowambwa wavu wa waya, mkiinue polepole bila kukiinamisha. Maji yatachuja, utando utabaki. Upindueni juu ya kitambaa, ukandamizeni kwa ubao na jiwe, kisha mwanike. Watoto wadogo wasiachwe peke yao penye maji.

Mtoto atauliza, gundi i wapi? Mjibuni kwamba karatasi ni nyuzi za mimea, nazo zikikauka pamoja hushikana zenyewe. Kazi hii ni ya kale: Cai Lun wa China alimletea mfalme wake habari zake mwaka 105.

Lakini kila zinapotwangwa, nyuzi hukatika zikawa fupi. Kwa hiyo karatasi ya pili ni dhaifu kuliko ya kwanza. Yafaa kwa picha na kadi kuliko kwa daftari. Basi ukurasa uliochanwa bure haurudi ulivyokuwa. Mtoto aliyetwanga kwa mikono yake atalielewa neno hili pasipo kukemewa.