Tasnifu Zimehifadhiwa, Sauti Je?

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Vyuo vikuu vyetu vimeusikia usemi huo, ijapokuwa kwa kuchelewa. Tasnifu ambazo zamani zilijaa vumbi rafuni sasa huwekwa katika hifadhi za kidijitali, na mtafiti aliye Nairobi, Dar es Salaam au Leipzig huzisoma bila kufunga safari. Programu ya DSpace, iliyotolewa mwaka 2002, ndiyo inayoendesha nyingi kati ya hifadhi hizo, ikiwemo ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hii ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, yafaa tujiulize: je, ni nini hasa tunachokihifadhi?

Tuchukue mfano wa Munje, kijiji kilicho pwani, kusini ya Msambweni, katika Kaunti ya Kwale. Huu ni ukanda wa Chichifundi, lahaja ambayo jina lake lenyewe latuonyesha kiambishi chi- pale ambapo Kiswahili sanifu hutumia ki-. H. E. Lambert aliieleza lahaja hii katika kijitabu alichokichapisha mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya kile cha Kivumba. Mwaka 1992, Derek Nurse na Martin Walsh walizirudia lahaja hizo mbili katika mkusanyo wa makala kuhusu kufa kwa lugha. Hukumu yao, iliyobebwa na kichwa cha makala yao, ilikuwa kwamba wasemaji wamehama kwa kiasi, lakini lahaja hazijafa.

Tangu wakati huo zaidi ya miaka 30 imepita. Atakayetaka kuipima upya hukumu hiyo atahitaji nini? Hatatosheka na sura ya tatu ya tasnifu ya mtu, inayoeleza mbinu za utafiti. Atahitaji kumsikia mzee wa Munje akisimulia habari za bahari, au bibi akiwatambia wajukuu ngano, kwa matamshi yao na kwa mpangilio wao wa maneno. Kwa ufupi, atahitaji sauti. Na sauti ndiyo tusiyoihifadhi.

Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi twaujua utaratibu ulivyo. Mtafiti huenda nyanjani, akarekodi ngano ya nusu saa, kisha akanukuu aya mbili katika sura ya nne ili kuthibitisha nadharia yake. Akishahitimu, sura hizo huingia hifadhini na kupewa anwani ya kudumu. Ngano yenyewe hubaki katika kanda inayoota ukungu, katika simu itakayouzwa, au katika diski mweko isiyojulikana ilipo. Tumehifadhi maelezo ya kisima, maji tumeyamwaga.

Wala haikuwa hivyo daima. Mwaka 1970 ilichapishwa orodha ya J. W. T. Allen ya hazina ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na humo miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliorodheshwa pamoja na kanda za sauti. Waliotutangulia, wenye vyombo duni kuliko vyetu, walitambua kwamba kanda ni nyaraka. Sisi tulio na tarakilishi tumelisahau hilo.

Kuna watakaosema kwamba sauti hula nafasi kubwa. Saa moja ya maongezi iliyorekodiwa kwa kiwango cha santuri ya CD huchukua takriban megabaiti 600. Kwa hiyo maongezi ya saa 20 yaenea katika diski mweko ya gigabaiti 16. Udhuru huo hauna mashiko. Wengine watauliza, na hili ni swali zito zaidi, kuhusu haki za wasimulizi. Si kila wimbo wa ngoma ni wa kila sikio. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Tamaduni ya mwaka 2016 na ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 zatulazimu kuwa waangalifu. Lakini uangalifu si kutelekeza. Hifadhi ya kidijitali yaweza kuyaacha wazi yale ambayo msimulizi ameyaridhia na kuyafunga yale aliyoyakataza. Kanda iliyo sandukuni mwa mtafiti haimlindi msimulizi, humfuta tu.

Aidha, lipo suala la lugha. Mara nyingi maneno ya kutafutia kazi hizi huandikwa kwa Kiingereza, na kijiji hakitajwi, hata pale tasnifu yenyewe ilipoandikwa kwa Kiswahili. Kijana wa Munje mwenye simu mkononi, akitafuta maneno ya nyanya yake, hatafikiria kuandika istilahi za isimu za Kiingereza. Ataandika jina la kijiji chake. Asipopata kitu, kwake yeye hifadhi hiyo haipo.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, idara za Kiswahili zisimwidhinishe mtahiniwa kuhitimu kabla hajawasilisha, pamoja na tasnifu, rekodi zake zote na unukuzi wake. Pili, ikisiri na maneno ya kutafutia yawe kwa Kiswahili pia, na jina la mahali na la lahaja yatajwe. Tatu, nakala ya rekodi irudishwe katika shule au maktaba iliyo karibu na walioitoa, kwa idhini yao.

Hakuna hata moja kati ya haya linalongoja mfadhili kutoka ng'ambo. Idara yaweza kuyaamua katika kikao kimoja, na msimamizi wa tasnifu aweza kuanza na mwanafunzi wake muhula huu. Tusikawie, maana bibi anayetamba ngano leo hataingoja seneti ya chuo ikutane.