DENI LA NG'OMBE WA UGOGO

Dawa ya deni ni kulipa. Leo twataka kusema juu ya deni lililopita umri wa miaka mia moja: ng'ombe na nafaka za Ugogo zilizolisha majeshi ya wageni katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918.

Vita ile haikuwa yetu. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Julai 1916 Waingereza wakaiteka Dodoma, nao wakachukua vile vile. Bwana alibadilika, zizi likazidi kuwa tupu.

Kila mwenyeji wa Dodoma ajua kwamba mvua yetu ni ya msimu mmoja. Ikikosekana, ng'ombe ndiye ghala: hupelekwa kwa jirani kubadilishwa kwa nafaka. Basi mvua ilipokosekana, ghala hilo lilikuwa limekwisha kuliwa na askari, na vijana wa kulima walikuwa wamepelekwa upagazi. Njaa ile, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliua watu wapatao 30,000 katika 150,000 kati ya 1917 na 1920.

Wako wasemao deni la zamani hivi limekufa. Twawauliza: mbona mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wazee wa vita ile malimbikizo ya mishahara yao? Ikiwa haki ya aliyeshika bunduki haikuoza, kwa nini ioze haki ya mfugaji aliyemlisha?

Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi mjini Songea kwa maovu ya Vita vya Maji Maji. Ni jambo jema. Lakini radhi ya Songea haijalipa ng'ombe wa Ugogo, na Uingereza nayo ilikula katika zizi lile lile.

Bunge letu lakaa Dodoma, juu ya ardhi ile ile. Twaitaka Serikali itafute hesabu katika nyaraka za Dar es Salaam, Berlin na London, iandike habari ambazo wazee walipokea kwa baba zao, kisha iwapelekee wadaiwa wote wawili hati ya madai. Wenye ng'ombe wamekufa. Wajukuu wao walipwe kwa malambo, majosho na visima.

Ndugu wananchi, hatuombi sadaka. Twadai chetu.