Kabla ya kuituhumu mbolea, pimeni tena
Safu ya Jumapili: Sauti ya Ufipa
Na Leokadia Sichalwe

Mvua zinapokaribia, mkulima akiingia duka la pembejeo hapa Sumbawanga hatoi fedha haraka. Anachota urea kiganjani, anaipekecha kwa dole gumba, anatazama kama imeshikana mabonge. Akiyaona, anamgeukia mwenzake: "Hii imechakachuliwa." Wanaondoka, na mahindi yao yatakua bila mbolea ya kukuzia.

Sayansi nayo imewahi kuigongea muhuri shaka hiyo. Mwaka 2017 Tessa Bold na wenzake walichapisha vipimo vya Uganda: mbolea ya madukani ilipungukiwa na virutubisho kwa wastani wa asilimia 30. Mwaka 2021 Hope Michelson na wenzake wakachapisha vya Morogoro, na majibu yakawa mengine kabisa. Naitrojeni ilikuwemo kama inavyotakiwa. Kilichoharibika ni sura tu, mabonge na vumbi vinavyotokana na unyevu na uhifadhi mbaya. Lakini wakulima wengi waliamini mbolea hiyohiyo ni mbovu.

Uganda si Morogoro, mtaniambia. Kweli, lakini hebu tupige hesabu. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Ili mfuko wa kilo 50 upungukiwe kwa asilimia 30, kilo 15 ndani yake lazima ziwe kitu kingine: cheupe, cha punje, cha bei ya chini kuliko urea, na kisichoonekana kwa macho. Mchakachuaji atakitoa wapi? Watafiti wengine walivihoji vipimo vile vya Uganda, na mimi naona walikuwa na haki. Maabara huichemsha sampuli kwenye asidi, kisha hukamata amonia inayotoka. Uchemshaji usipokamilika, au amonia ikivuja, namba hushuka, na mfuko mzima unaonekana wa kitapeli.

Kosa la aina hiyo hugundulika kwa urahisi. Unachanganya na sampuli zako urea safi ambayo kiwango chake unakijua, bila kumwambia mpimaji ni ipi. Namba yake ikishuka, tatizo liko maabara.

Ndiyo maana nasema mzigo wa uthibitisho ni wa mtafiti kwanza, kabla ya muuza duka na mbali kabisa na mkulima. Mkulima wa Ufipa hana namna ya kurudia jaribio lake. Mahindi yakigeuka njano, huenda ni mvua, huenda ni udongo, huenda alichelewa kupanda. Yeye ataulaumu mfuko, na hakuna wa kumwonyesha vinginevyo.

Sisemi matapeli hawapo. Mbegu feki zinaliza watu kila msimu, na TOSCI, wakaguzi wa mbegu, wasilale. Ila kila tuhuma ithibitishwe yenyewe, isibebwe na nyingine.

Kwa hiyo naiomba TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea, na kila mtafiti atakayepanda huku kwetu kuchukua sampuli, wazigawe mafungu matatu. Moja liende maabara, la pili liende maabara nyingine, na la tatu lifungwe kwa lakiri na kubaki ofisi ya kilimo ya mkoa. Mkulima wa Laela au Matai akisikia redioni kwamba mbolea yake ni feki, awe na mahali pa kwenda kudai ipimwe tena.