Nani Anayehukumiwa Mbele ya Televisheni?



Katika parokia moja ya mji wetu, kikundi cha vijana kilikutana kuandaa sikukuu ya msimamizi wao. Kwa miaka mingi walikuwa wakitayarisha mchezo wa kuigiza: mmoja anaandika, wengine wanakariri, mama fulani anaazima vitenge. Safari hii baadhi yao walileta pendekezo jipya. Vijana sita wafungiwe ukumbini siku mbili, wapigwe picha kwa simu muda wote, kisha waumini wapige kura, kila kura kwa mchango wa franka mia tano, ili kumwondoa mmoja baada ya mwingine. "Mchezo umetuchosha," alisema mmoja wao. "Watu wanataka kuona maisha halisi." Nilikuwapo, nami sikujibu vema siku ile. Najaribu kujibu sasa.

Wazo lenyewe si geni. Lilianza huko Uholanzi mwaka 1999, mtayarishaji John de Mol alipowafungia watu katika nyumba iliyojaa kamera na kukiita kipindi hicho Big Brother. Mwaka 2003 likafika kwetu Afrika: vijana 12 kutoka nchi 12 waliishi siku 106 katika nyumba moja nchini Afrika Kusini, na Cherise Makubale wa Zambia akaondoka na dola 100,000. Wabunge wa Malawi walipiga marufuku kipindi hicho kisionyeshwe nchini mwao, lakini mahakama ikakirudisha. Watanzania wawili walishinda baadaye, Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014. Wengi wenu mlikuwa wadogo, lakini mnaijua namna hiyo ya vipindi, kwa kuwa leo imehamia kwenye simu zenu.

Kwa nini vipindi hivi vimeenea kuliko tamthilia? Sababu ya kwanza ni fedha, wala haina haja ya maelezo marefu. Tamthilia inadai mwandishi, waigizaji waliofunzwa, na miezi ya mazoezi. Nyumba yenye kamera inadai watu walio tayari kutazamwa, na mtazamaji mwenyewe hulipia kura yake. Waandishi wa Hollywood walipogoma siku 100, kuanzia Novemba 2007, vituo vya Marekani vilijaza pengo kwa vipindi vya aina hii.

Sitaki kuwadhulumu. Innoss'B, kijana wa Goma, alijulikana nchini kote kwa kushinda Vodacom Superstar mwaka 2010, angali mtoto. Katika The Voice Afrique Francophone, mmoja wa walimu wa msimu wa kwanza alikuwa Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu. Katika mashindano ya namna hiyo kijana huleta kazi aliyojifunza, na kazi hiyo ndiyo inayopimwa. Akishindwa, wimbo wake ndio uliopungukiwa. Lakini katika nyumba ya kamera hakuna wimbo. Kinachopimwa ni mtu mwenyewe: alivyokasirika, alivyolia, alivyompenda fulani. Anayeondolewa huko huambiwa kwamba yeye, jinsi alivyo, hakupendeza.

Tena, je, maisha hayo ni halisi? Kamera hupiga picha mchana na usiku, mtazamaji akaonyeshwa saa moja. Yupo mtu aliyechagua saa hiyo. Ndiye aliyeamua nani awe mchokozi na nani awe mpole, na kwa kweli ndiye mwandishi, ila jina lake limefichwa. Mwaka 2009 mahakama ya juu ya Ufaransa iliamua kwamba washiriki wa kipindi kimoja cha kisiwani, waliodaiwa kuwa wanaishi tu mbele ya kamera, walikuwa wafanyakazi waliostahili mkataba wa kazi, kwa kuwa walifuata maagizo ya watayarishaji. Mwigizaji wa teatri hutuambia mapema kwamba anaigiza. Sioni nani kati ya hao wawili ni mkweli zaidi.

Hapa ndipo ninapomkumbuka nabii Nathani. Mfalme Daudi alikuwa ametwaa mke wa Uria na kumfanya mumewe auawe vitani. Nathani angeweza kuyafichua mambo hayo waziwazi, na baraza lote lingetazama na kunong'ona. Badala yake alitunga kisa: tajiri mwenye kondoo wengi, maskini mwenye kondoo mmoja, na mgeni aliyefika. Daudi alimkasirikia tajiri yule kwa moyo wote, kwa sababu hakujua kwamba anajikasirikia mwenyewe. Nathani alipomfunulia kwamba mtu huyo ni yeye, hukumu ilikuwa imekwisha kutoka kinywani mwake.

Hiyo ndiyo kazi ya kisa kilichotungwa. Hutufanya tumhukumu mtu asiyekuwapo, na hukumu hiyo huturudia wenyewe. Kipindi cha kura hutupa mtu aliyepo, mwenye mama na mtaa wake, tumhukumu yeye, kisha tulale salama.

Wazazi wetu waliyajua haya pasipo nadharia. Walikusanyika kwa jirani mwenye televisheni kutazama michezo ya Kinshasa, ile ya Groupe Salongo na wengine, na mara nyingi baba fulani alinyamaza ghafula katikati ya kicheko. Hakuna aliyemnyoshea kidole. Hata hivyo nakiri kwamba tamthilia nayo ina dhambi zake. Michezo iliyomtafuta mchawi katika kila nyumba haikutusaidia, hasa tunapowaona barabarani watoto waliofukuzwa kwao kwa tuhuma za namna hiyo. Kutunga hakumfanyi mtu kuwa mwema. Mwandishi naye atatoa hesabu.

Lakini mfano unaonigusa zaidi umetoka kwetu. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alitoa mwaka 2020 filamu iitwayo En route pour le milliard. Inawafuata watu wa mji huu waliolemazwa na vita vya siku sita, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katika mitaa yetu. Wanapanda chombo kilichojaa watu, wanateremka Mto Kongo hadi Kinshasa, wengine kwa magongo, kwenda kudai fidia wanayoingojea miaka mingi. Hayo ni maisha halisi kuliko nyumba yoyote yenye kamera. Hata hivyo, ndani ya filamu hiyo hiyo, watu hao wanaonekana pia jukwaani, wakiigiza na kuimba yaliyowapata. Kila mmoja ana ushahidi katika mwili wake mwenyewe, na bado walihitaji teatri. Nadhani ni kwa sababu jukwaani wao ndio wanaochagua la kusema, na mtazamaji hana kura ya kumwondoa yeyote.

Nirudi kwa vijana sita. Mmoja wa waliotajwa kufungiwa ukumbini ni binti mpole, ambaye baba yake anaendesha toleka. Nilijiuliza angeondolewa siku gani, na Jumapili ile angepita vipi kati ya viti kwenda kukomunika, mbele ya watu waliolipa franka mia tano ili atoke.

Aliyesema kwamba mchezo umewachosha hakukosea kabisa. Ule wa mwaka jana ulikuwa mrefu, na sote tuliujua mwisho wake tangu mwanzo. Basi tuandike mwingine. Nimemwomba yeye mwenyewe awe mwandishi wa kwanza, naye ameomba muda wa kufikiri. Mkutano ni Jumamosi saa tisa. Nitakuja na daftari na kalamu mbili.